Takwimu za Kando ya Barabara

Msafiri aendaye Saadani kutoka Chalinze huiacha barabara kuu ya Segera pale Mandera, akashika njia ya mashariki, akapita Miono, kisha Mkange, na baada ya kilometa zipatazo 60 hufika baharini. Njia hiyo hupitwa pia na magari ya ofisi. Afisa huteremka Mkange, huingia katika ofisi ya kata, husaini kitabu cha wageni, huulizia hali ya maji, ya shule na ya mazao. Hujibiwa na watu saba au wanane waliokuwapo barazani, naye huandika. Kabla alasiri haijaingia gari limekwisha geuza. Wiki mbili baadaye maandishi yale yamepigwa chapa, yana asilimia, na yamo katika jalada la wilaya. Tangu siku hiyo hayaitwi tena maneno ya watu wanane wa barazani. Yanaitwa hali ya Kata ya Mkange.

Katika safari kama hiyo hakuna aliyesema uongo. Waliojibu wamejibu walijualo, na aliyeandika ameandika alilolisikia. Hata hivyo taarifa si ya kweli, kwa sababu waliojibu ni wale wanaoweza kukutwa barazani saa nne ya asubuhi siku ya kazi. Mvuvi wa Saadani yumo baharini au amelala kwa kuwa alikesha nyavuni. Mwanamke wa Matipwili yuko shambani kando ya Wami, au yuko njiani na ndoo. Mfugaji yuko malishoni na ng'ombe wake, na boma lake halionekani kutoka barabarani. Hao wote wamo katika kata, lakini hawamo katika karatasi.

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika ofisi nyingi bado inadhaniwa kuwa takwimu ni kazi ya kujumlisha na kugawanya. Kujumlisha na kugawanya ni kazi ya mwisho, na siku hizi hata mashine inaifanya. Kazi iliyo ngumu hutangulia: nani aulizwe, aulizwe nini, aulizwe lini, na ni nani aliyeamua kwamba huyo ndiye wa kuulizwa. Makosa yakiingia hapo, hakuna hesabu itakayoyaondoa baadaye.

Wanunuzi wa nafaka wa pwani wameujua ukweli huu siku nyingi, nao hawakufundishwa na mtu. Mnunuzi wa mpunga au ufuta hafungui gunia akaridhika na punje za juu. Huchukua bambo, akalichoma gunia ubavuni, akalichoma chini, akatoa kidogo kiganjani na kukitazama. Anajua kwamba muuzaji mjanja huweka safi juu na pumba chini. Hana haja ya kumwaga gunia zima. Konzi moja yatosha, madhali imetoka kila pembe ya gunia. Konzi hiyo ndiyo sampuli. Afisa aliyeishia barazani amelitazama gunia kwa juu, akalinunua.

Basi na ichukuliwe kata ya mfano, ambayo hesabu zake ni za kufundishia tu wala si za Mkange. Kata hiyo ina kaya 1,200: kaya 900 za wakulima, 200 za wavuvi na 100 za wafugaji. Katika wakulima, kaya 30 katika kila 100 huchota maji mbali; katika wavuvi ni 50 katika kila 100; katika wafugaji ni 80. Mwenye kujumlisha ataona kwamba kaya zenye shida hiyo ni 270, na 100, na 80, yaani 450, ambazo ni asilimia 37.5 ya kata nzima. Afisa akiwauliza wakulima peke yao atapata asilimia 30, na kaya 90 zitapotea. Akiwauliza wale walio karibu na ofisi ya kata tu, mahali penye kisima, huenda akapata asilimia 10. Ataandika kwamba kaya zenye shida ni 120. Kaya 330 zimefutwa kwa kalamu, bila ugomvi wala hila. Fundi wa visima atakapopangiwa kazi, atapelekwa kata nyingine yenye karatasi iliyoandikwa vizuri zaidi.

Dawa yake si kuziuliza kaya zote 1,200. Dawa ni kugawa kundi zima katika matabaka yake na kuchukua fungu kutoka kila tabaka kwa kiasi chake. Kama uwezo wa ofisi ni kaya 60, basi wachukuliwe wakulima 45, wavuvi 10 na wafugaji 5. Na katika kila tabaka, kaya zichaguliwe kwa nasibu. Neno hili nasibu hufahamika vibaya. Wengi hulichukua kuwa ni kuokota yeyote anayepita. Anayepita hakuja kwa nasibu. Amekuja kwa sababu anaishi karibu, au ana baiskeli, au hana kazi siku hiyo. Nasibu maana yake ni kwamba kila kaya ina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kwamba si afisa, wala mtendaji wa kijiji, wala mwenye nyumba anayeamua.

Njia yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba mwalimu aweza kuifanya darasani kwa vipande vya karatasi. Huandikwa orodha ya kaya zote, kila moja na namba yake. Kama orodha ina kaya 1,200 na zinatakiwa 60, kila baada ya kaya 20 moja itachukuliwa. Namba ya kuanzia hupigiwa kura kati ya 1 na 20. Ikitoka 13, basi ni kaya ya 13, ya 33, ya 53, na kuendelea hadi mwisho. Ikiwa namba 53 ni ya mzee akaaye ng'ambo ya mkondo wa maji, huyo ndiye wa kufuatwa. Kumwacha na kumchukua jirani wa namba 52 kwa kuwa yuko njiani ni kuiharibu kazi nzima, ingawa kwenye fomu hakuna atakayeuona uharibifu huo.

Hapo ndipo lilipo swali la orodha. Vijiji vingi vina daftari la wakazi, lakini daftari hilo aghalabu liliandikwa kwa bidii mwaka mmoja na kuachwa miaka mitano. Waliofariki bado wamo, waliohamia hawamo. Katika Mkoa wa Pwani kosa hili ni kubwa kuliko mahali pengi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huo na watu 1,098,668. Ile ya Agosti 2022 ikaukuta na watu 2,024,947. Katika miaka kumi umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Mtumishi anayechagua sampuli yake leo kutoka katika orodha ya mwaka 2012 amewaacha nje wageni wote wa mkoa kabla hajaanza kuuliza swali la kwanza. Na wageni hao si wenye viwanda vya Kibaha na Mkuranga peke yao. Wamo pia wachunga ng'ombe, wachoma mkaa na vibarua.

Wapo wanaosema kwamba ukubwa wa sampuli ndio usalama wake. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 kuhusu uchaguzi wa Rais. Watu wapatao milioni 2.4 wakajibu. Gazeti likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliopelekewa karatasi yalikuwa yametolewa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi na mnyonge hakuwa na simu wala gari. Isitoshe, waliojisumbua kujibu walikuwa ni wale waliokuwa na hamaki zaidi. George Gallup, aliyewauliza watu wachache mno kuliko hao, alitabiri sawa. Milioni 2.4 wa kando ya barabara walishindwa na maelfu waliochaguliwa kwa uangalifu.

Kwa upande mwingine, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipofanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 katika Tanzania Bara, ilitembelea kaya zipatazo 9,500 tu kati ya mamilioni, na kutokana nazo ikaeleza kwamba asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti huo ulianza Desemba 2017 ukaisha Novemba 2018. Miezi 12 kamili haikuwekwa kwa uvivu. Kaya ya mkulima ina shibe mwezi wa mavuno na ina njaa mwezi wa kupalilia. Anayeiuliza mara moja tu amepata mwezi, hakupata mwaka. Hili linaihusu Mkange kwa namna ya pekee. Wakati wa masika njia za udongo hazipitiki kwa urahisi, kwa hiyo maafisa huja kiangazi, barabara ikiwa kavu na ghala zikiwa na kitu. Ile miezi ambayo mtoto hupelekwa zahanati kwa kubebwa mgongoni katika matope haina shahidi. Ujenzi wa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani, ambao Mkange imo katika kipande chake kimojawapo, utalipunguza tatizo la matope. Hautaliondoa tatizo la afisa anayependa kukaa kando ya lami, huenda ukalizidisha.

Njia nyingine itumikayo katika nchi kubwa kama hii ni ya kuchagua kwa hatua. Kwanza huchaguliwa maeneo ya kuhesabia watu, kisha katika kila eneo huchaguliwa kaya. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulichukua maeneo 629, na katika kila eneo kaya 26, jumla 16,354. Gari hufika eneo moja na kufanya kazi ya siku kadhaa, badala ya kukimbia nchi nzima kwa kaya moja moja. Ni nafuu kubwa. Lakini ina gharama yake, kwa kuwa majirani hufanana: wanakunywa kisima kimoja, wanalima udongo mmoja. Kaya 26 za kijiji kimoja hazina habari nyingi kama kaya 26 za vijiji 26. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua hali ya wilaya asijifariji kwamba amehoji kaya 200 ikiwa zote zimetoka vijiji viwili. Katika utafiti huo kuna jambo jingine la kuigwa. Kaya iliyochaguliwa ikikosa kukutwa, hairuhusiwi kubadilishwa na nyingine, mdadisi hurudi. Tena wanawake wa miaka 15 hadi 49 huulizwa wenyewe.

Juu ya kuuliza kwenyewe, walimu wana kisa chao ambacho kingefaa kufundishwa. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Ikaja kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, moja ya kazi za heshima zilizofanywa na taifa hili, na mitihani ya taifa ikatolewa: mwaka 1975 asilimia ikashuka hadi 39, mwaka 1977 hadi 27, na mwaka 1986 hadi 9.6. Kisha ikaja sensa ya mwaka 2002, ikawakuta watu wazima wasiojua kusoma kuwa karibu 3 kati ya kila 10. Je, watu walisahau? Wengine walisahau, kwa kukosa vitabu vijijini. Watoto wengine wa miaka ya 1980 na 1990 hawakumaliza shule. Lakini pia vipimo havikuwa kimoja. Mtihani unampima aliyefika mtihanini. Karani wa sensa humwuliza mtu kama anajua kusoma na kuandika, akapokea jibu na kuendelea na safari. Anayeweka tarakimu hizo mbili katika mstari mmoja wa mchoro, kana kwamba zimetoka katika mizani moja, amewadhulumu wote: waliofundisha, waliofundishwa na walioachwa.

Nchi za Dunia ya Tatu hazikulazimika kungoja Ulaya ziwafundishe jambo hili. Katika miaka ya 1930 Profesa Mahalanobis wa India, mwanzilishi wa Taasisi ya Takwimu ya India iliyoanza mwaka 1931, alikataa kuamini makadirio ya mazao ya Bengal yaliyotolewa kwa jicho na watumishi wa vijijini. Badala yake vipande vidogo vya mashamba vilichaguliwa kwa nasibu, vikavunwa na kupimwa. Mwaka 1950 India ikaanzisha utafiti wa sampuli wa taifa zima. Bibi shamba au bwana shamba wa kata aliyeambiwa alete makadirio ya mahindi ifikapo Ijumaa angenufaika kuijua habari hiyo, na mkubwa wake aliyesema Ijumaa angenufaika zaidi.

Maana lawama yote haiwezi kutupwa kwa wa chini. Viongozi, na katika jambo hili Chama hakina budi kujikosoa, mara nyingi wametaka asilimia kabla ya kutaka ukweli. Mwaka 1977, alipoitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikiri hadharani palipokuwa na kushindwa, hasa katika kilimo. Mfano huo haukufuatwa kila mahali. Taarifa ya utekelezaji ikidaiwa ioneshe mafanikio, mtendaji wa kijiji atapata mafanikio hata kama ni ya kuazima. Mgeni akija, balozi humwongoza kwenye nyumba yenye bati jipya na choo kilichochorwa chokaa, na nyumba hiyo hiyo hutembelewa na kila mgeni mpaka mwenyewe anachoka kufagia. Balozi wa nyumba kumi ni hazina katika kazi ya takwimu, kwa sababu anajua nani yumo, nani kahama na nani kazaliwa. Orodha yake yaweza kuwa bora kuliko daftari la ofisi. Atumike kuandika orodha. Asitumike kuchagua.

Nini hutokea tarakimu zinapodaiwa namna hiyo, kumeonekana. Mwaka 2016 uhakiki wa Serikali ulifichua watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha za mishahara, na katika shule wakakutwa maelfu ya wanafunzi hewa waliokuwa wakihesabiwa katika ruzuku. Kila jina hewa lilikuwa na saini ya mtu. Kwa mwalimu mkuu anayejaza fomu za mwaka, wanafunzi 40 wa ziada huonekana ni msaada kwa shule yake maskini. Lakini fungu la fedha ni moja. Chaki za watoto 40 wasiokuwapo zimetoka kwa watoto 40 waliopo, labda wa kata ya jirani, labda wa Mkange.

Walimu ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya ukarani wa sensa, na mwaka 2022 wengi wao walitembea nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi. Wanajua kubisha hodi, wanajua kumsubiri mvuvi arudi, wanajua kuuliza swali kama lilivyoandikwa bila kumtajia mtu jibu. Ni ajabu kwamba ujuzi huo huwekwa kabatini baada ya sensa na kungojwa miaka kumi mingine. Darasa la kidato cha pili likipewa orodha ya kaya za kijiji, kapu la namba na maswali matano ya maji na mazao, litaleta taarifa iliyo bora kuliko ile ya barazani, na wanafunzi watakuwa wamejifunza takwimu kwa miguu yao. Kinachotakiwa ni idhini ya kijiji, usiri wa majina ya waliojibu, na mwalimu wa kukagua fomu jioni ile ile, wakati kosa bado linaweza kurudiwa.

Halmashauri nazo zina la kufanya, na la kwanza ni dogo. Katika makisio ya ofisi nyingi kuna posho ya kikao cha kujadili takwimu, kuna karatasi na kuna wino. Petroli ya pikipiki ya kurudi Matipwili mara ya pili, kumtafuta mwenye kaya namba 53 ambaye hakukutwa mara ya kwanza, haimo. Na iingizwe katika bajeti ya mwaka ujao, katika kasma yake yenyewe, kabla ya posho ya kikao.